Kusomewa mkataba kwa Mzee Karani, Uhindini: shilingi 15,000 kabla hujamdhamini mtu

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibakiza, sababu zipo huko chini. Lakini kama muda huu una mkataba wa Kiingereza mkononi na afisa mikopo anakuharakisha usaini kabla ya saa kumi, nenda kwa huyu mzee kwanza, maelezo yangu utayasoma ukiwa kwenye foleni yake.

Yupo Uhindini, hapa Dodoma mjini, nyuma ya maduka ya vitambaa. Ukitokea Nyerere Square unakwenda kwa miguu, ukishuka Jamatini pia si mbali. Hana bango. Kuna karatasi mlangoni imeandikwa kwa maka peni: TUNASOMA MIKATABA, TUNATAFSIRI, HATUANDIKI KESI. Upande mmoja ana fundi cherehani, upande wa pili kuna kijana anayechomelea mageti, na huyo wa mageti anahusika moja kwa moja na ile nyota niliyoibakiza. Jina la mzee silitaji. Mtaani wanamwita Mzee Karani, na bodaboda yeyote wa pale anamjua kwa jina hilo.

Alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu. Kazi yake kubwa, anavyosema mwenyewe, ilikuwa ukalimani: shahidi anaeleza kwa Kigogo au Kirangi, yeye anaweka kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwenye jalada kwa Kiingereza. Nadhani ndiyo maana ana tabia ambayo sijaiona kwa wengine wanaofanya biashara hii mjini. Halikimbilii neno. Anauliza kwanza nani anamdai nani.

Mimi nina duka Soko la Majengo, nauza mafuta ya alizeti, karanga, ubuyu, na zabibu msimu ukiwa mzuri. Mwenzetu mmoja wa kikundi ana mashine ya kukamua alizeti Kizota. Alitaka mkopo wa shilingi milioni 12 abadilishe injini na aongeze chujio, na mkopeshaji akataka wadhamini wanne. Nikawa mmoja wao. Mkopeshaji simtaji, na kusema kweli hakutufanyia lolote ambalo wenzake hawafanyi. Afisa wao alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, akatuwekea mezani karatasi za Kiingereza zilizobanwa pini na kutuonyesha kwa kidole pa kusaini. "Ni za kawaida tu hizi, mama zangu."

Za kawaida, sawa. Lakini katikati palikuwa na kifungu kinachosema wadhamini tutakuwa "jointly and severally liable". La kwanza na la mwisho tuliyabahatisha. Hilo la kati ndilo lililotukwamisha.

Tulianzia steshenari moja jirani na soko, kwa sababu ni rahisi. Kijana akaingiza sentensi kwenye simu, ikatoka kwamba tutawajibika "kwa pamoja na mara kadhaa". Mara kadhaa! Yaani tukishalipa turudie? Mpwa wangu anayesoma chuo akasema, hapana shangazi, hilo neno linatokana na "severe", maana yake tutawajibishwa vikali. Hapo wenzangu wawili wakaanza kufunga vitenge vyao waondoke.

Kwa Mzee Karani tuliamkia, shikamoo mzee, marahaba wanangu, tukakalishwa kwenye benchi, na yeye akachukua mkataba akausoma wote kimya tangu ukurasa wa kwanza. Hili nalisifu. Wengine wanakuuliza, "Wapi panakusumbua?" halafu wanasoma hapo tu. Yeye anasema kifungu kinaweza kukutishia ukurasa wa tano na kikakuachia ukurasa wa tisa, au kinyume chake. Anasoma na penseli. Penye hela anapiga mstari, penye tarehe anazungushia duara, na pale ambapo yeye mwenyewe hana uhakika anaweka msalaba, kisha anakwambia wazi hapa muone wakili. Kwetu aliweka misalaba miwili. Mtafsiri anayekuonyesha mahali asipopajua ana thamani kuliko anayejua kila kitu, na hilo nimelisema hata kwa mume wangu.

Sasa lile neno.

"Kiingereza cha shule kinakwambia several ni kadhaa," alisema. "Hicho ni cha juzi. Cha mahakamani kimebaki na maana ya zamani." Akatueleza kwamba neno hilo lilitoka Kilatini, kwenye kutenga na kutenganisha, likapita kwenye Kifaransa ambacho watawala na mahakama za Uingereza walikitumia baada ya Wanormani kuivamia nchi ile mwaka 1066. Maana yake ya mwanzo ni -a peke yake, iliyotengwa na nyingine. Baadaye watu wa kawaida wakawa wanasema vitu "several" wakimaanisha vitu tofauti tofauti, na vitu tofauti tofauti kwa kawaida huwa vingi, basi maana ikateleza mpaka kwenye kadhaa. Wanasheria hawakuteleza nao.

Halafu akasema jambo lililonifurahisha kuliko yote. Akasema hata sisi tumefanya hivyo hivyo. Neno "mbalimbali" limejengwa na mbali, kitu kimekaa huku na kingine kule. Leo mtu akitangaza "wageni mbalimbali wamefika", nani anafikiria umbali? Tunasikia wengi. Kwa hiyo tusiwacheke Waingereza.

Baada ya hapo akageuza bahasha kuukuu, akachora vichwa vinne, na kila kimoja akakiandika herufi ya mmoja wetu.

Kama mkataba ungesema "joint" tu, kwa sheria ya zamani ya Waingereza deni lingekuwa moja la wote wanne kwa mkupuo. Mdai alitakiwa awashitaki wote pamoja, na mmoja akifa mzigo unabaki kwa walio hai, warithi wake wanapona. Kama ungesema "several" tu, kila mmoja angekuwa na ahadi yake peke yake, anajibu sehemu yake na ya jirani haimhusu. Mabenki yanapoungana kukopesha mradi mkubwa yanaandika hivyo hivyo: wajibu wa kila benki ni "several", ili moja ikishindwa kutoa fungu lake, wenzake wasiambiwe walifidie. Mzee akatutazama juu ya miwani. "Mmeona? Wakubwa wakiwa wanatoa, wanajiandikia hili moja. Nyinyi mkiwa mnadhamini, mnaandikiwa yote mawili."

Na yote mawili kwa pamoja ndiyo hatari yenyewe. Mdai ana deni la milioni 12 na ana vichwa vinne. Anaweza kuwadai wote, anaweza kuwadai wawili, anaweza kumchagua mmoja tu na kumtaka alipe milioni 12 zote. Hawezi kuvuna zaidi ya deni lake, kwa hiyo ile "mara kadhaa" ya steshenari mnaweza kuisahau. Aliyelipa yote anabaki na haki ya kuwafuata wenzake wamrudishie mafungu yao, na anachukua haki alizokuwa nazo mkopeshaji dhidi ya mkopaji mwenyewe. Lakini huko kufuatana ni shughuli yake yeye, kwa gharama yake, kwa watu ambao huenda wameshahamia Singida.

"Sasa mkopeshaji akiwatazama nyinyi wanne," mzee akauliza, "atamfuata nani?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu anauza mboga chini, mmoja ni fundi wa kusuka, mmoja analima Hombolo. Mwenye fremu isiyohama, leseni ukutani na mzigo kwenye rafu ni mimi.

Mwenzetu wa Hombolo, mwanamke asiyependa maneno mengi, akasema basi tulikate hilo "severally", tuache "jointly", tusaini twende. Na ninaamini nusu ya wasomaji wa mikataba mjini wangemwambia ndiyo, na wangepokea hela yao. Mzee alitikisa kichwa.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ni ya mwaka 1961, na kwa sehemu kubwa ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika hapa kabla yake. Wale waliotunga ya India hawakuupenda ule utaratibu wa Kiingereza wa kuwashitaki wote kwa mkupuo. Wakaweka kwamba watu wawili au zaidi wakitoa ahadi ya pamoja, aliyeahidiwa anaweza kumbana yeyote kati yao aitimize yote, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vingine. Kwa hiyo kwetu, ukifuta "severally" ukaacha "jointly", umefuta wino tu. Mdai bado anaweza kukuchagua peke yako. Kinachotakiwa ni kuandika, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba kila mdhamini anajibu sehemu yake tu, au hajibu zaidi ya kiasi fulani kilichotajwa kwa tarakimu.

Na kingine ambacho wengi hawakijui: mdhamini si mtu wa akiba anayesubiri mpaka mkopaji ashindwe kesi. Sheria ileile inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, ila mkataba ukiweka vingine. Mkopaji akikosa rejesho, barua inaweza kuanza kwako.

Hapo tulikuwa tumekaa muda mrefu na yule wa mageti alikuwa amewasha mashine mara si haba, kila akiwasha mzee ananyamaza na kidole chake kinabaki kwenye mstari. Simlaumu kijana, anatafuta riziki. Ila huduma ya kusikiliza jirani na mashine ya kukatia vyuma ni mateso, na mzee ana hela ya kodi ya kutosha kuhamia chumba cha ndani akitaka. Nilimwambia. Akasema ndani hakuna mwanga.

Kuna mambo mengine mawili aliyaona ambayo hatukumuuliza. Mwisho wa mkataba palikuwa na kifungu kinachosema vifungu ni "severable". Mmoja wetu alipoliona akashtuka, lile lile tena! Mzee akasema ni ndugu wa neno letu, ila huyu hana ubaya: maana yake kifungu kimoja kikibatilika kinatengwa, vingine vinaendelea. La pili lilikuwa zito. Karatasi za nyuma zilitaja nyumba ya mwenye mashine, iliyopo Chang'ombe, kuwa rehani. Akamuuliza mwenye mashine, "Baba wa nyumba anajua?" Chini ya Sheria ya Ardhi, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Mwenzetu akaangalia mlango. Nadhani huo mkutano ulifanyika usiku uleule, mimi sikualikwa.

Niliuliza swali ambalo naona wengi mnalo: si Kiswahili kilishapitishwa? Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Na kwenye Siku ya Sheria, Februari 1 mwaka huo, hapahapa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mzee Karani anaisimulia habari hiyo huku anatabasamu, maana yeye alitafsiri hukumu kwa mdomo maisha yake yote. Lakini mabadiliko yale yaligusa sheria za nchi na shughuli za mahakama. Mkataba wako na anayekukopesha unaandikwa kwa lugha mliyokubaliana, na anayekuja na karatasi tayari ni mwenye hela.

Bei sasa. Kusomewa mkataba wa aina yetu na kuelezwa kwa mdomo ni shilingi 15,000, mtu mmoja au wanne bei ni ileile, na anakuandikia stakabadhi kwa mkono. Tafsiri ya maandishi anatoza kwa ukurasa, na hapo ndipo sipendi. Anaandika kwa kalamu, mwandiko wa majalada, halafu unapeleka mwenyewe kuchapishwa. Inachukua karibu wiki. Kwa mtu anayesubiriwa na mkopeshaji, wiki ni nyingi mno. Tena anakuonya mapema, na hilo ni la heshima, kwamba tafsiri yake ni ya kukuelewesha wewe. Kama unahitaji ya kupeleka mahali rasmi, utafute iliyothibitishwa na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa.

Pia haandiki kifungu kipya, hata umbembeleze vipi. Anasema Sheria ya Mawakili haimruhusu asiye wakili kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na yeye hakutoka mahakamani salama ili arudi akiwa mshitakiwa. Alichotufanyia ni kutuandikia kwa Kiswahili, mistari mitatu, tunachotaka wakili aandike. Tukaenda nacho kwa wakili wa mwenzetu wa kusuka. Wakili alikisoma, akacheka kidogo, akauliza nani alituelekeza. Alitutoza nusu ya alivyotaka kwanza kwa sababu, anasema, hatukumpotezea muda.

Mkopeshaji alikataa pendekezo la kila mmoja kujibu sehemu yake, milioni tatu tatu. Afisa alipiga simu, akatoka nje, akarudi, akapiga tena. Mwisho wakakubali kikomo: hakuna mdhamini atakayedaiwa zaidi ya milioni nne. Neno "severally" limebaki palepale kwenye mkataba, bado wanaweza kumwanza yeyote, lakini mwisho wa shimo unaonekana. Kila mmoja akaweka saini ndogo pembeni ya marekebisho. Huyo afisa mpole alituambia hajawahi kuona wadhamini wakiuliza hilo swali. Naamini ni kweli, na sikufurahi kusikia.

Kama huna hata hiyo 15,000, kuna wasaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ambao hawatozi, na ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa hapa Dodoma mwaka 2023 iliwatangaza sana. Wanafaa, hasa kwenye mirathi na ardhi. Ila wanapofika wana watu wengi, na mkataba wa kurasa nyingi unahitaji mtu wa kukaa nao asubuhi nzima. Na kama kikundi chenu kinastahili mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na wenye ulemavu, anzeni huko, hauna riba. Karatasi zake nazo mpelekeeni mzee.

Ya kujiandaa: nenda asubuhi, kabla kijana wa mageti hajachangamka. Beba nakala, usimpe mkataba halisi, kwa sababu ile penseli yake haifutiki vizuri. Usiende na haraka, anapenda kusimulia, na ukimkatiza anaanza upya. Maji ya kunywa nunua njiani. Ijumaa kuanzia mchana anakuwa Msikiti wa Gaddafi na akirudi anakuta watu wamejaa kwenye benchi, bora uende Alhamisi. Simu usisumbuke kupiga, akiwa anasoma hapokei, na akiwa hasomi huwa ameizima.